Bi Nyongeza na Pampu Namba Tatu

Kuna watu waliopewa majina na wazazi wao, na kuna waliopewa na wateja wao. Mama huyu alikuwa nayo yote mawili, lakini lile la wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu, likitolewa siku ya kwenda benki au hospitali. Kwingine kote, kuanzia kituo cha mafuta alikofanya kazi kwa miaka kumi na tisa hadi dukani nyuma ya nyumba yake, alikuwa Bi Nyongeza. Hata mumewe, fundi cherehani asiyependa mambo ya barabarani yaingie nyumbani, alikuwa akijisahau na kumwita hivyo.

Jina alilipata kwa haki. Nozeli ya pampu ya petroli, ule mrija wa chuma unaoingizwa kwenye tangi, ikihisi kwamba tangi la gari limejaa, hujifunga yenyewe kwa mlio mdogo: tak! Wahudumu wengine wakisikia tak huichomoa, huitundika na kumgeukia mteja anayefuata. Bi Nyongeza ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Kwake ile tak ilikuwa kama mgeni anayesema ameshiba huku jicho liko kwenye sufuria. Aliegemeza nyonga yake kwenye ubavu wa gari, na haikuwa nyonga ya kubahatisha, akalitikisa mara mbili tatu mpaka tangi likatoa hewa kwa mguno, kisha akabana kishikio mara mbili: chwii, chwii.

"Hizo mbili ni zako," alimwambia mteja. "Za nyongeza."

Kusema kweli mteja mwenyewe ndiye aliyezilipia, maana mita haina undugu na mtu. Lakini aliondoka akijiona amependelewa kuliko wenzake, na binadamu akishajiona amependelewa hana habari na hesabu. Ndiyo maana pampu namba moja na namba mbili ziliweza kukaa zinapiga miayo huku magari sita yamejipanga mbele ya namba tatu, madereva wameweka viwiko madirishani, wakisema hawana haraka. Aliyembatiza jina hilo ni dereva mmoja wa teksi aliyeitwa Kapteni, mtu mwembamba mwenye kofia isiyovuliwa, aliyejaza mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na kwenda kumsifu stendi nzima.

Kumsifu kwenyewe hakukuwa kwa ajili ya zile mbili tu. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kurudi akidai kwamba Bi Nyongeza amempunja hata tone. Hilo lilikuwa pambo lake. Wanawake wenzake walikuwa na vidani na bangili, yeye alikuwa na hilo, na alilivaa kila siku.

Siku moja pampu mpya zikaja.

Zilishushwa kwenye lori zikiwa zimefungwa nailoni, na pamoja nazo akashuka binti mdogo mwenye miwani mikubwa na begi la bisibisi lililomzidi uzito. Wahudumu walimpa jina kabla hajaweka begi chini: Fundi Miwani. Alikaa siku tatu akifunga nyaya, kisha akawakusanya wote, pamoja na meneja, mbele ya pampu namba tatu.

"Mama," alimwambia Bi Nyongeza kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele, "tangi la gari lisilo na petroli lina nini ndani?"

"Lina njaa," akajibu Bi Nyongeza.

Wakacheka, na fundi akacheka pia, jambo lililompa alama nzuri. "Lina mvuke wa petroli. Limejaa mvuke mpaka juu. Ukimimina petroli, ule mvuke unasukumwa nje. Unatokea pale pale ulipoingiza nozeli. Sasa pale pana nini?"

"Pana pua yangu," akasema Bi Nyongeza, safari hii bila utani.

Fundi akawaonyesha mpira mpya, mnene kuliko wa zamani kwa sababu ndani yake mna njia mbili: moja ya petroli kwenda, nyingine ya mvuke kurudi. Kwenye mdomo wa nozeli palikuwa na vitundu vidogo vimeuzunguka, na hivyo ndivyo vilivyonyonya mvuke kabla haujatoka nje, ukashuka kwenye tangi kubwa la kituo chini ya ardhi. Katikati ya safari ilikaa valvu inayoendeshwa kwa umeme. Kisanduku kidogo kilihesabu petroli inapita kwa kasi gani na kuiamuru valvu: fungua kidogo, fungua zaidi, rudisha. Ikiingia lita moja ya petroli, inarudi lita moja ya mvuke. Ikinyonya pungufu, harufu inabaki. Ikinyonya kupita kiasi, inabeba hewa tupu ambayo haina kazi kule chini. Na ikiona mambo hayaendi sawa kabisa, inafunga pampu nzima na kuwasha taa nyekundu.

"Kama mke mwenye akili," akasema mhudumu wa pampu namba moja, kijana mmoja aliyeitwa Mrefu kwa sababu zinazoonekana.

"Wewe uliye na mke ndiye unayejua," akamjibu Bi Nyongeza, na Mrefu, ambaye hakuwa na mke, akainama kufunga kamba za viatu.

Kipya kinyemi, lakini hiki kilikuwa kinyemi cha kweli. Kuanzia siku ile ya kwanza Bi Nyongeza alipoingiza nozeli kwenye gari, hewa juu ya mdomo wa tangi, ambayo kwa miaka yote ilikuwa ikitetemeka kama iliyo juu ya jiko, ilitulia. Aliinama akanusa. Akanusa tena. Ilipofika saa tano asubuhi, saa ambayo kichwa chake kilizoea kuanza kugonga, hakikugonga. Alikingojea mpaka saa sita. Saa saba akashtuka kwamba ana njaa, njaa ya mtoto wa shule, akala chakula chake chote na kukitazama cha Mrefu.

Jioni alipofika nyumbani, mumewe alikuwa barazani anapiga pasi suruali ya mtu. Kwa miaka kumi na tisa desturi ilikuwa hiyo hiyo: mke anasimama uani, anavua ovaroli, ovaroli inaning'inizwa kwenye kamba mbali na pasi, ndipo salamu zinaanza. Siku ile mzee aliinua uso, akavuta hewa kwa pua, akauliza, "Leo hukwenda kazini?"

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Njoo hapa." Akamnusa shingoni, mbele ya barabara nzima, suruali ya mtu ikiungua kidogo kwenye goti. "Kumbe nilishasahau unavyonukia," akasema. Walikuwa wameoana miaka ishirini na minne. Bi Nyongeza alimpiga kofi la begani na kukimbilia ndani akicheka kama msichana.

Basi angeweza kuishi kwa raha, kama si ile taa nyekundu.

Iliwaka mara ya kwanza siku ya nne. Pampu namba tatu ilikuwa katikati ya gari la mwalimu mmoja ikakata, ikanyamaza, taa ikawaka. Meneja akaja, akaizima na kuiwasha, ikaendelea. Kesho yake ikawaka tena. Wiki ya pili ikawaka mara tatu, wiki ya tatu mara tano, na namba moja na namba mbili hazikuwahi kuwaka hata kwa bahati mbaya. Meneja akaamua kwamba pampu ile ina kasoro ya kiwandani. Akambadilisha Bi Nyongeza na Mrefu. Mrefu akaenda namba tatu, naye akaja namba moja.

Kufikia saa nane mchana namba tatu ilikuwa nzima kama yai, na namba moja inawaka nyekundu.

"Shangazi," akasema Mrefu, akijitahidi asicheke na akishindwa, "mashine imekukataa."

Siku hiyo walimtania mpaka wakachoka. Mmoja alisema pampu ina wivu, mwingine akasema akapakwe mafuta ya taa pengine itamzoea. Bi Nyongeza alijibu kila mmoja kwa kipimo chake, lakini moyoni aliumia, tena sana. Mtu aliyeifanya kazi kwa miaka kumi na tisa hapendi kuambiwa na chuma kwamba haijui.

Meneja hakutania. Alimwita ofisini, akamwonyesha kiti. "Mama, Ijumaa anakuja mkaguzi wa mvuke. Anafunga kipimo chake kwenye kila pampu na kuangalia magari ishirini yakijazwa, magari ya wateja wa kweli, si ya kuigiza. Pampu moja ikizima, kituo kizima kinakosa kibali na tunafunga mpaka aje tena. Siwezi kucheza kamari. Nimekurudishia namba tatu, na kesho fundi anakuja. Asipoona tatizo, Ijumaa utakuwa kona ya upepo."

Kona ya upepo ni pale nyuma, karibu na choo, panapojazwa matairi. Hakuna foleni kule. Anakwenda mtu mmoja kwa saa, naye huwa na hasira kwa sababu ana pancha. Bi Nyongeza alisema, "Sawa, bosi," na akatoka akiwa amejishika kiuno.

Fundi Miwani alikuja Jumatano. Aliifungua pampu, akapima valvu, akapima waya, akapima kisanduku. Vyote vizima. Akafunga. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi kwa sababu linawapotezea hadhi: akatafuta kreti la soda, akaligeuza, akalikalia, akaanza kumtazama Bi Nyongeza akifanya kazi.

Likaja gari la kwanza. Nozeli ikaingia, petroli ikaenda, tak! Nyonga ikafanya kazi yake, tangi likaguna, chwii, chwii. Likaja la pili. Nyonga, mguno, chwii, chwii. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Gari la saba lilipoondoka, taa nyekundu ikawaka.

"Usiiguse," akasema fundi. Akaja na chupa ya plastiki iliyokatwa juu, akafungua kiungo cha mpira, akauinamisha. Petroli ikatoka, safi, ikajaza robo ya chupa.

"Mpira wa petroli umetoa petroli," akasema Mrefu. "Mshangao mkubwa."

"Hii imetoka njia ya mvuke," akasema fundi. Hapo Mrefu akainama kufunga kamba za viatu kwa mara ya pili katika habari hii. "Mama, ile tak maana yake nini?"

"Tangi limejaa."

"Limejaa mpaka wapi?"

"Mpaka karibu na mdomo wa nozeli." Bi Nyongeza alipolisema hilo aliinua nozeli usoni, akavitazama vile vitundu vidogo vilivyouzunguka mdomo. Hakuwa mjinga. Alielewa kabla hajaambiwa. "Nikibana zile mbili, petroli inapanda mpaka kwenye vitundu."

"Inapanda. Na mashine haijui kuchagua, imeambiwa inyonye, inanyonya. Petroli ikiingia njia ya mvuke, njia inaziba. Kisanduku kinaona hakuna mvuke unaopita, kinafunga valvu, taa inawaka. Mashine ni nzima, mama, na wewe huna mkosi wowote. Ni zile mbili tu."

Wote wakapumua. Mrefu akacheza hatua tatu pale pale juu ya saruji, na meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, akasema, "Basi, acha zile mbili, mambo yamekwisha." Bi Nyongeza mwenyewe alitabasamu. Kisha tabasamu likaanza kuondoka.

"Mwanangu," alimwambia fundi, "hiyo petroli iliyonyonywa huwa inakwenda wapi?"

"Ile isiyoziba inashuka tangi la chini. La kituo."

"Lakini ilikuwa imeshapita kwenye mita."

Fundi akaifuta miwani yake tena. Alikuwa binti mwenye adabu, na jibu hilo lilihitaji adabu. "Imeshapita, mama," akasema.

Bi Nyongeza akaketi kwenye kreti la soda. Wiki tatu. Kila gari. Alikuwa akiwapa watu zawadi, nao wakilipa, wakishukuru, wakiondoka, na zawadi yenyewe ikirudi chini ya miguu yake kwa njia ya nyuma. Watu walewale waliokuwa wakipita pampu mbili tupu ili waje kwake.

Meneja akamsogelea. "Mama, ni vijiko. Vijiko viwili vitatu kwa gari. Kwanza hukujua. Acha tu kuongeza, na hakuna atakayejua."

"Kijiko cha mtu ni cha mtu, bosi. Kesho nitawaambia."

"Kesho ni Alhamisi! Ukiwaambia kesho wakakasirika, Ijumaa nitampa mkaguzi magari gani? Watakwenda kituo cha ng'ambo. Subiri angalau Jumamosi."

Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye mzigo, na hakuna wa kumlaumu. Bi Nyongeza alisema atafikiri.

Alifikiri njia nzima, akafika nyumbani bado anafikiri. Jua lilikuwa halijashuka. Mumewe alikuwa kwenye cherehani, mdomoni pini nne, na mkewe akasimulia yote akiwa amesimama. Mzee alitoa pini moja moja, akazichoma kwenye mto wake.

"Nikimkatia mtu suruali ikatoka fupi," akasema, "nina njia mbili. Ya kwanza nimwambie siku hizi ndio mtindo."

"Na ya pili?"

"Ya pili nikiri kwamba nimekosea. Hiyo inauma. Lakini ndiyo inayomrudisha mteja."

"Ile ya kwanza uliwahi kuitumia?"

"Mara moja tu." Akashika gurudumu la cherehani. "Yule bwana mpaka leo akiniona anavuka barabara. Tena anavuka na ile suruali."

Bi Nyongeza akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akafuta macho, na uamuzi ulikuwa umeshapatikana.

Alhamisi alianza na gari la kwanza. Alijaza, tak, akachomoa, akatundika. Mteja, yule mwalimu, akatoa kichwa dirishani. "Na mbili zangu?"

"Mbili zako nimekuwa nikikuibia, mwalimu," akasema Bi Nyongeza, akamweleza, wima, bila kupamba. Njia ya mvuke, vitundu, tangi la chini, wiki tatu. "Sikujua. Lakini kutojua kwangu hakukukurudishia mafuta yako. Naomba radhi."

Mwalimu alimtazama, akaitazama pampu, akauliza kama ile valvu inafunguka kwa hatua au kwa mfululizo, akaahidi kuja na darasa lake. Ndiyo radhi yake hiyo. Muuza mayai mwenye pikipiki alimwambia yeye hajaibiwa, kwa kuwa pikipiki haitikiswi kwa nyonga, ingeanguka. Dereva wa lori, ambaye siku zote alijaza dizeli pampu ya nyuma, alisikia minong'ono akashuka kuja kudai na yeye aombwe radhi.

"Wewe sijawahi kukugusa!"

"Niombe tu, mama. Nyumbani kwangu hakuna anayeniomba."

Akaombwa, akaenda zake ameridhika. Wapo waliokunja uso pia. Mama mmoja mwenye gari jeupe alisema hatakuja tena, akafunga kioo. Bwana mmoja alisema kila kituo kinaiba, tofauti ni kwamba huyu ana mdomo. Bi Nyongeza alipokea yote hayo akiwa amefunga mikono mbele.

Kapteni, ambaye asubuhi ile alikuwa amepata safari ya mbali, alifika alasiri. Alizima injini, akasikiliza mpaka mwisho, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mara mbili kwa siku," akasema. "Wiki tatu." Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. "Na mimi stendi nikikusifu mpaka mate yananikauka."

"Ndiyo, Kapteni."

"Mbele ya watu, dada."

"Najua."

Akalipa, akawasha injini, akaondoka bila kuaga. Katika miaka yote hakuwahi kuondoka bila kuaga. Bi Nyongeza alibaki ameshika kitambaa cha kufutia mikono, na hapo ndipo alipolia kidogo, nyuma ya pampu, mahali ambapo meneja hangemwona.

Ijumaa mkaguzi alifika mapema, bwana mfupi mwenye sanduku la chuma na uso uliopigwa pasi. Alifunga kipimo kwenye kila pampu, akatoa daftari, akaeleza sheria zake kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: kwa kila lita mia za petroli, mvuke unaorudi usipungue lita tisini na tano wala usizidi mia na tano. Magari ishirini kwa kila pampu. Pampu isiyofikisha ishirini hadi saa sita mchana inahesabiwa imeshindwa, kwa kuwa yeye ana vituo vingine.

Ilipofika saa nne namba moja ilikuwa na magari kumi na moja, namba mbili kumi na matatu. Namba tatu ilikuwa na manne. Mwalimu alikuja, muuza mayai alikuja, na wapita njia wawili wasiojua habari za mtu. Gari jeupe lilipita barabarani likaongeza mwendo. Meneja alimtazama Bi Nyongeza kwa jicho la si-nilikwambia, naye akaangalia pembeni. Alijua kama kituo kitafungwa, kitafungwa kwa mdomo wake, na Mrefu na wenzake watakaa nyumbani kwa sababu yake. Lakini hata alivyojipekua, hakuona mahali ambapo angenyamaza.

Saa nne na nusu wakasikia honi. Kisha honi nyingine, kisha honi nyingi kwa pamoja. Kapteni aliingia kituoni, akapita pampu namba moja, akapita namba mbili, akasimamisha teksi yake pembeni, akashuka na kuanza kuelekeza kwa mkono kama askari wa barabarani. Nyuma yake zilikuja teksi za stendi, zote, zenye rangi na zilizopoteza rangi, moja nyuma ya nyingine, hadi mkia wa foleni ukafika langoni.

"Pampu tatu!" alikuwa akipiga kelele. "Wewe, usiende huko, pampu tatu!"

"Hii ni nini?" akauliza mkaguzi.

"Ni wateja," akasema meneja.

Bi Nyongeza alimwendea Kapteni. Akasimama mbele yake, akimtazama.

"Usinitazame hivyo, dada," akasema Kapteni. "Jana nimekwenda kulala nina hasira na wewe. Asubuhi nikawaambia hawa: kuna mtu kaniibia petroli kwa vijiko, halafu akaja kuniambia mwenyewe. Nikawauliza, ninyi mnamjua mwingine? Tumekaa pale tukifikiri. Hatukumpata. Haya, fanya kazi, watu wanangoja."

Akafanya kazi. Nozeli, petroli, tak, chomoa, tundika. Madereva wa teksi ni watu wa fujo, na wote walikuwa wameshaambiwa habari nzima, basi kila tak ilipolia foleni nzima iliitikia kwa pamoja, "Tak!", na anayejaziwa akapigiwa makofi. Baada ya gari la tano hata Mrefu alikuwa akiitikia kutoka pampu namba moja. Mkaguzi aliandika, akaandika, na pembe ya mdomo wake ikaanza kumsumbua. Gari la kumi na tano. La kumi na nane. Taa haikuwaka, na namba moja na namba mbili zilikuwa zimeshamaliza ishirini zao. La kumi na tisa.

La ishirini lilikuwa la Kapteni mwenyewe, aliyekuwa amewatanguliza wenzake wote. Alilisogeza kwenye pampu, akazima injini, akashuka na kulizunguka. Dereva wa teksi hamwachii mtu funguo zake, hata ndugu wa tumbo moja. Kapteni alizichomoa, akamwekea Bi Nyongeza kiganjani, pamoja na ule mdogo wa kufungulia mfuniko wa tangi.

"Jaza," akasema. "Mimi nakwenda kunywa chai."

Akatembea hadi kwenye benchi la kibanda cha chai, akaketi akiwa ameipa pampu mgongo, akaagiza. Hakugeuka mita ilipoanza kuhesabu. Hakugeuka ilipolia tak. Alikuwa bado anapuliza chai yake mkaguzi aliposoma kipimo, mvuke lita tisini na tisa kwa mia, na kupiga muhuri. Bi Nyongeza alisimama na funguo za watu mkononi, akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakujificha nyuma ya pampu.